Ubao wa Pipa Nilioonyeshwa Bukavu

Msafiri atokaye Kigali kwa gari, akaukata msitu wa Nyungwe wenye baridi na ukungu, kisha akayapita mashamba ya chai ya Gisakura, hufika Kamembe, na kutoka hapo njia humtelemsha hata Mto Ruzizi, ambao ndio mlango unaoyatoa maji ya Ziwa Kivu na ndio mpaka wa nchi mbili. Nilipolivuka daraja, Kinyarwanda kilichonisindikiza tangu asubuhi kilinyamaza, na Kiswahili, ijapokuwa cha mwendo mwingine na matamshi mengine kuliko kile tulichonyonya sisi watu wa visiwani, kikanipokea kinywani mwa afisa wa uhamiaji, mwa mbeba mizigo, mwa kijana wa pikipiki na mwa mama aliyekuwa akiuza sambaza wakavu, yaani dagaa wa ziwa lile, kando ya njia. Safari hiyo niliifanya kabla ya Februari 2025, mwezi ambao mji ule ulitwaliwa na waasi wa M23. Basi haya niyasimuliayo ni ya Bukavu niliyoiona kwa macho yangu, na ya leo nawaachia walio huko.

Mji umejengwa juu ya rasi tano zilizojitokeza ziwani kama vidole vya mkono. Wabelgiji waliuita Costermansville, na jina hilo lilidumu hata miaka ya 1950. Mpaka sasa nyumba zao zingalipo kandokando ya barabara ya Lumumba, zenye pembe za mviringo na baraza nyembamba zielekeazo majini. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya Kadutu na Bagira imepanda juu zaidi, nyumba juu ya nyumba, hata mtu akisimama Nguba jioni huona mlima mzima umewaka taa. Hewa yake ni ya kustahabu: mchana joto aghalabu halipiti sana digrii 25, na usiku hushuka karibu na 15, Januari kama Julai. Namwomba msomaji aukumbuke utulivu huo wa hewa, maana utatufaa mbele.

Aliyenialika ni mwalimu mstaafu wa elimu ya kemia, mtu wa makamo yaliyopita, ambaye tulijuana kwa barua kwa sababu ya mapenzi yetu sote wawili kwa ufundi wa kukeneka. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, na mtambo wa kwanza nilioujua maishani ni ule wa kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, unaotoa mafuta katika makonyo ya karafuu. Sijapata kuonja kileo, wala sikwenda Bukavu ili nikionje. Walakini pua ya mtu aliyelelewa baina ya majamvi ya karafuu huweza kupata elimu bila ya msaada wa ulimi. Mwalimu alikuwa na binti aliyepewa makazi Marekani baada ya miaka ya ukimbizi, akaishi Lexington katika jimbo la Kentucky, ambako, kama ilivyo Louisville, wamo maelfu ya Wakongomani, wengi wao watu wa Kivu, na Kiswahili husikika makanisani, shuleni na viwandani. Binti huyo alimletea baba yake chupa ya wiski ya bourbon, ambayo ndiyo fahari ya jimbo lile, pamoja na ubao mmoja wa pipa lililokwisha kazi. Mwalimu aliniandikia kwamba ubao ule una habari nyingi kuliko chupa, na kwamba nikifika atanionyesha.

Lakini siku ya kwanza hakunionyesha. Alisema, kwa ule upole wa walimu wa zamani ambao hauachi nafasi ya kubishana, "Mwanangu, huwezi kuifahamu pombe iliyokaa usipoijua kwanza isiyokaa." Basi asubuhi ya pili tukapanda gari kuelekea Kabare, katika nchi ya Bashi, ambako migomba huanza mlangoni na kuishia upeo wa macho, ili tukaone kasiksi, pombe yao ya ndizi, inavyotengenezwa.

Mwenyeji wetu huko alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono ya kazi na maneno machache. Ndizi zake alikuwa amezifukia shimoni, zimefunikwa majani ya mgomba, hata zikaiva kwa joto lake zenyewe. Sasa zilikuwa zimekwisha menywa na kutiwa ndani ya gogo refu lililochongwa mfano wa mtumbwi, na vijana wawili walikuwa wakizikanda pamoja na nyasi ngumu, ambazo huishika nyama ya ndizi na kuuachia utomvu mtamu uchuruzike. Utomvu uliongezwa maji, ukachujwa, ukarudishwa mtumbwini, ukanyunyiziwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha ukafunikwa majani. Niliinama nikanusa mtumbwi mwingine uliokuwa umelala usiku mzima: povu lilikuwa limepanda, na harufu ilikuwa ya ndizi, ya mkate unaoumuka na ya moshi mwepesi wa mtama.

Nikamwuliza mama yule kama mti wa mtumbwi huongeza ladha. Akanitazama kama atazamwavyo mtu aliyeuliza kama chungu huongeza chumvi. Kisha akanieleza kwamba mtumbwi mpya haufai, mpaka uzoeane na pombe. Mwalimu akanifafanulia tulipokuwa tukirudi garini: nyufa na vinyweleo vya mti ule huhifadhi chachu ya jana, nayo ndiyo iuanzishao utomvu wa leo, mti umekuwa nyumba ya chachu, haukuwa kiungo. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimemwuliza mama tena kasiksi hudumu muda gani. "Hii banakunywaka leo, papa," akasema. "Kesho kutwa iko siki." Na ndivyo ilivyo: kinywaji kile huishi siku chache, hunywewa kwa mirija katika kibuyu kimoja na watu waliojuana, na hewa ileile inayoihuisha chachu ndiyo baadaye huigeuza pombe kuwa siki. Katika Kabare wakati ni adui wa mpishi.

Alasiri tukaingia Kadutu, nyuma ya soko kubwa, katika ua mwembamba ambao sitautaja kwa alama zaidi. Hapo ilikuwa ikipikwa kanyanga, ambayo magharibi ya Kongo huiita lotoko. Uji wa muhogo uliochachishwa kwa unga wa mahindi yaliyooteshwa ulikuwa ukichemka ndani ya pipa la bati lililofungwa kwa udongo na vitambaa; mrija wa shaba ulitoka juu yake, ukapita ndani ya karai la maji baridi, na mwishoni ukadondoa matone katika chupa. Mahindi yale hayakuwekwa kwa bahati: nafaka inapoota huzalisha vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari, na hicho hasa ndicho wafanyacho watu wa Kentucky kwa shayiri iliyooteshwa. Hata hapa, basi, mpishi wa Kadutu na mpishi wa Kentucky wanafuata sharia moja ya maumbile, na nafaka yao kubwa ni moja, kwa kuwa bourbon haiwi bourbon ila mahindi yawe si chini ya asilimia 51 ya nafaka yake.

Mwenye mtambo alimimina kiasi kidogo katika kifuniko akaitia moto, ikawaka kwa mwali wa buluu, naye akatabasamu kwa fahari, maana hicho ndicho kipimo chao cha nguvu. Nilipewa chupa ninuse. Kilikuwa kinywaji cheupe kama maji ya mvua, na harufu yake ilinijia kwa daraja: kwanza ukali uliopanda hata machoni, kisha kitu mfano wa gundi, kisha nafaka mbichi, na nyuma ya yote moshi wa kuni. Hapakuwa na utamu wowote. Mwalimu alinong'ona, "Ikumbuke harufu hii. Wiski yao ikitoka mtamboni, nayo ni nyeupe vivi hivi." Hapo nilianza kufahamu kwa nini alinizungusha siku nzima.

Wakati wa usiku, nyumbani kwake Muhumba, baada ya chakula cha fufu, sombe na sambaza, na baada ya mkewe kunihakikishia mara mbili kwamba katika chakula hicho hakimo kileo hata tone, mwalimu aliuleta ubao ule umefungwa katika kitambaa. Ulikuwa mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, mpana katikati na mwembamba ncha mbili, umepinda kidogo kama upindavyo ubao wa ubavu wa jahazi. Alikuwa ameukata kwa msumeno ili nione sehemu yake ya ndani, na hapo, chini ya taa, nilisoma habari alizoniahidi. Upande uliokuwa ndani ya pipa ulikuwa makaa matupu, meusi, yaliyopasuka vipande vipande kwa ufa na ufa. Chini ya makaa palikuwa na utando wa rangi ya kahawia iliyoiva, mahali ambapo moto ulichoma bila kuunguza. Chini yake tena, ndani ya mti mweupe, ulipita mstari mwekundu, mwembamba, dhahiri kama uliochorwa kwa kalamu. Kisha mti wa kawaida hata nje.

"Mstari ule," alisema mwalimu, "ndio mwisho wa safari ya wiski ndani ya mti."

Sharia ya Marekani haimpi mpishi wa bourbon uhuru mkubwa. Kinywaji kikitoka mtamboni kisizidi asilimia 80 ya ulevi; kikiingia katika pipa kisizidi 62.5, na pipa lenyewe sharti liwe la mwaloni, jipya, lililochomwa ndani. Haliruhusiwi kutumika mara ya pili kwa bourbon. Aghalabu mti huo ni mwaloni mweupe wa Marekani, ambao mishipa yake huziba kwa maumbile hata ukashika maji bila kuvuja, na pipa la kawaida huchukua galoni 53 za Kimarekani, yaani takriban lita 200. Mbao huunganishwa bila gundi wala misumari, zikabanwa kwa pete za chuma, kisha ndani hutiwa moto kwa muda usiofika dakika moja au zaidi kidogo, kwa kadiri ya kina cha makaa kitakiwacho. Wala hairuhusiwi kuongeza rangi wala kiungo, tofauti na Scotland, ambako sharia inaruhusu rangi ya sukari iliyounguzwa. Kwa hiyo rangi yote iliyomo katika chupa ile imetoka katika ubao kama huu.

Nikamwomba anieleze moto ule mfupi wafanya nini, naye akaifuata mada kwa daraja, kwa desturi ya darasani. Mti, alisema, umejengwa kwa vitu vitatu vikubwa. Selulosi ndiyo mifupa yake, nayo haigeuki sana. Hemiselulosi ni sukari zilizofungamana. Moto huzifungua na kuziunguza kwa kiasi, ndipo ile tabaka ya kahawia ikapata utamu wa halua na harufu ya sukari guru inayoungua. Lignini ndiyo saruji iungayo nyuzi, nayo ikipata moto, kisha ikakaa na ulevi kwa miaka, huvunjika ikawa vitu vingi vyenye harufu, na mashuhuri miongoni mwavyo ni vanilini, kitu kilekile kinachoipa vanila ya Bundibugyo au ya Madagaska sifa yake. Juu ya hayo mti una tanini, ambazo huupa ulimi ukavu na kukipa kinywaji mwili. Una laktoni za mwaloni, zenye harufu ya nazi. Na una eujenoli.

Neno hilo la mwisho lilinishtua, maana eujenoli ndiyo roho ya mafuta ya karafuu, ndiyo tunayoikeneka Wawi. Mwalimu alikuwa amenigojea hapo. Aliifungua chupa, akamimina kidogo katika bilauri, akaongeza maji matone machache, akaifunika kwa kiganja kitambo, kisha akanipa ninuse. Nilifumba macho. Vanila ilitangulia, pana na tulivu. Ikafuata sukari iliyoungua. Nyuma yake nazi, si ile mbichi bali ya tui lililokaa juu ya moto. Na hapo chini kabisa, ndogo lakini haina shaka, karafuu, kavu, kama inukavyo baraza ya nyumba ya shamba mwezi wa mavuno. Nalikuwa mbali na bahari mamia ya maili, katika nyumba ya Mkongomani, nikinusa kinywaji cha Marekani nisichokinywa, na pua yangu ikanirudisha Pemba. Mti wa mwaloni haujaona Pemba; walakini maumbile huipa molekuli ileile miti miwili isiyojuana, na pua haiulizi hati ya kusafiria.

"Na ule ukali wa Kadutu?" nikamwuliza. "Ile harufu ya gundi, na ile ya nafaka mbichi?"

Akanijibu kwamba pipa lina kazi tatu, na watu hutaja moja tu. Ya kwanza ni kutoa, kama tulivyokwisha ona. Ya pili ni kuondoa: makaa yale meusi hunasa baadhi ya vitu vyenye salfa na ukali wa ujana, kama mkaa unavyosafisha maji. Ya tatu ni kugeuza: kinywaji hupungua, hewa huingia, na oksijeni kidogo kidogo huugeuza ulevi kuwa vitu vingine, na vitu hivyo hukutana na asidi za mti vikawa esta zenye harufu ya matunda. Hewa ileile iliyoiangamiza kasiksi kwa siku tatu ndiyo iiponyayo wiski kwa miaka, kwa sababu mbili: ulevi mwingi umekwisha waua wadudu watengenezao siki, na mti huiruhusu hewa kwa kipimo.

Marekani walilitafiti jambo hili mapema. Wakemia wa serikali Crampton na Tolman walifuatilia mapipa ya wiski kwa muda wa miaka minane, wakichukua sampuli na kuzipima, wakachapisha matokeo yao mwaka 1908. Nao waliona kwamba mabadiliko mengi hutukia katika miaka ya mwanzo, na kwamba baadaye sehemu kubwa ya ongezeko la rangi na ladha huja kwa kuwa kinywaji kinapungua na vilivyobaki hukolea. Maana pipa hula. Katika joto la Kentucky huweza kupotea asilimia tatu hata tano kila mwaka, na wao huliita fungu la malaika. Katika Scotland yenye baridi na unyevu ni karibu na mbili. Baada ya miaka kumi na zaidi, theluthi nzima ya kilichotiwa huweza kuwa imekwenda na upepo.

Na kinachousukuma mchezo huo wote ni majira. Kentucky hupata kiangazi kinachopita digrii 30, na katika orofa za juu za maghala yao, chini ya paa la bati, joto huweza kupita 40. Kisha huja baridi ya barafu. Kinywaji kikipata joto hutanuka, kikajisukuma ndani ya mti, kupita makaa, kupita tabaka ya kahawia, hata kwenye ule mstari mwekundu. Kikipata baridi hujikunja kikarudi, kimebeba rangi na harufu kilizozikuta. Ndiyo maana pipa la orofa ya juu na pipa la orofa ya chini, yaliyojazwa siku moja kwa kinywaji kimoja, hutoka tofauti: la juu limeiva upesi, lina mti mwingi na nguvu zaidi, kwa kuwa katika ukavu wa juu maji hutoroka kuliko ulevi, la chini limekwenda polepole na limebaki pole.

Hapo ndipo nilipomkumbusha mwalimu juu ya hewa ya mji wake, nikamwuliza pipa lingepata nini likilazwa Bukavu, mahali ambapo Januari na Julai hazitofautiani. Alicheka, akasema swali hilo amelilalia mara nyingi. Kwa maoni yake pipa lingepumua kwa mchana na usiku mahali pa kiangazi na kipupwe. Pumzi zake zingekuwa fupi na nyingi. Unyevu wa ziwa na mvua za miezi tisa ungezuia maji kutoroka, na nguvu ya ulevi ingeshuka kidogo kidogo kama Scotland. Kingekuwa kinywaji cha tabia ya peke yake. "Lakini," akaongeza, na sauti yake ikawa nzito, "hewa si shida yetu. Shida ni miaka."

Nikamsihi anieleze, naye akaniuliza swali la hesabu. Bourbon iitwayo *straight* sharti ikae pipani si chini ya miaka miwili, na ikiwa haijatimiza minne, umri wake lazima uandikwe. Mwaka 1897 serikali ya Marekani ilitunga sharia iliyoruhusu wiski ya kiwanda kimoja na msimu mmoja kuwekwa miaka minne katika ghala lililo chini ya ulinzi wa serikali, na ushuru ukalipwa kinywaji kinapotoka. Maana yake mwenye mali alijua ghala halitavunjwa, serikali haitamkamua kabla hajauza, na yeye mwenyewe au mwanawe atakuwapo siku ya kulifungua pipa. "Sasa," akasema mwalimu, "vita viliingia Bukavu Oktoba 1996. Vita vya pili vikaanza Agosti 1998. Hesabu." Nilihesabu: haikutimia hata miaka miwili. "Na Juni 2004 mji ukatekwa tena. Ni nani katika sisi angejaza pipa akalifungia mlango?"

Na kabla ya vita palikuwa na sharia ya aina nyingine. Mkataba wa Brussels wa 1890, na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919, ilikataza pombe kali kwa wenyeji katika sehemu kubwa ya Afrika, huku mzungu akiipata kwa ruhusa. Mpishi wa Kiafrika alisukumwa gizani, na gizani hapakai kitu: mtambo huwashwa usiku, chupa huuzwa alfajiri, na ushahidi wote uwe umenyweka kabla askari hawajafika. Mzigo huo ungalipo. Ng'ambo ya Ruzizi, nchini Rwanda, kanyanga ni haramu mpaka leo. Gongo ni haramu Tanzania. Kenya iliihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010. Hata Wamarekani walionja dhiki hiyo: marufuku yao ya 1920 hata 1933 iliyafunga maghala, na wiski ya zamani ikauzwa kwa cheti cha daktari; marufuku ilipoondolewa, wapishi walikuwa na wateja wenye kiu na uhaba wa mapipa yaliyoiva, kwa kuwa miaka iliyopotea haiwezi kuagizwa dukani.

Sipendi msomaji adhani kwamba mwalimu alikuwa akilisifu pipa kupita kiasi. Kesho yake, tulipokuwa tukitembea ufukoni karibu na bandari, ambapo mashua za kisiwa cha Idjwi zilikuwa zikishusha mananasi na makaa, alinipa tahadhari mbili, nami nazitoa kama alivyozitoa. Ya kwanza ni kwamba umri si sifa kwa dhati yake. Pipa jipya lililochomwa hutoa kwa nguvu, na bourbon iliyokaa humo kupita kiasi hugeuka kuwa maji ya mti: chungu, kavu, tanini tupu. Ndiyo maana Kentucky mapipa hustaafu mapema, yakapelekwa Scotland, Jamaika, Meksiko na kwingineko, yakaingia kazi ya pili katika mikono ya watu watakao mti mpole. Wiski nyingi ya Scotland hulala katika mapipa yaliyokwisha kunywa bourbon.

Tahadhari ya pili ndiyo kubwa. Pipa halina uwezo wa kuondoa sumu. Ikiwa mpishi ameacha methanoli nyingi katika kinywaji chake, kwa uzembe au kwa tamaa ya kuongeza ujazo, mwaloni wa miaka ishirini hautaiondoa. Itakaa humo na vanila yake na karafuu yake, na itapofusha macho vilevile. Mwali wa buluu wa Kadutu hauwezi kuitofautisha, wala rangi ya dhahabu haiwezi, maana rangi ya dhahabu hupatikana pia kwa sukari iliyounguzwa na hila za wauzaji. Ubora huanza mtamboni, kwa mtu aliyeruhusiwa kufanya kazi mchana, akakaguliwa, akatupa yanayopaswa kutupwa. Mti huja baada ya hapo.

Kwa hivyo hukumu yangu, mimi nisiyekunywa, ni hii. Ladha ya bourbon imetoka katika mti uliochomwa, katika joto na baridi vinavyopokezana, na katika hewa iliyoingia kwa kipimo. Lakini yote hayo hayangalifanya kazi bila ghala linalofungwa leo na kukutwa limefungwa vilevile baada ya miaka minne. Watu wa Kivu wana mahindi, wana ndizi, wana ufundi wa kuotesha na wa kukeneka, na wana hewa ambayo wengi wangeitamani. Wapewe sharia inayowatoa gizani na amani inayozidi umri wa pipa moja. Na mpaka hapo, ewe msomaji utakayepita Kadutu, usikinywe chochote kwa kuamini rangi yake wala mwali wake.